Ukihama Ikinga Kwenda Tunduma: Namna ya Kulinganisha Shule za Msingi za Serikali

Tangu barabara ya Mpemba hadi Isongole iwekwe lami, kilomita 50 na ushee, Ileje na Tunduma zimekaribiana sana. Mzazi wa kata ya Ikinga anayeuza maharage au mahindi mpakani anaona heri apange chumba Tunduma, na akishapata chumba linafuata swali la watoto. Wabaki na bibi kijijini au waje mjini? Na wakija, waandikishwe shule gani?

Mwongozo huu ni wa mzazi huyo, na unahusu shule za msingi za serikali, kwa kuwa huko ndiko wengi wetu tunakosomesha. Kabla hujaanza kuzunguka Majengo, Sogea, Maporomoko au Kaloleni ukiuliza majina ya shule, chukua karatasi. Andika shule tatu au nne za mjini zilizo karibu na ulikopanga. Kisha, juu ya zote, andika shule anayosoma mwanao sasa hivi kule Ikinga. Hilo ndilo ninalokuomba ulishike kuliko mengine yote: shule ya kijijini nayo ipimwe. Wazazi wengi hulinganisha shule za mjini zenyewe kwa zenyewe, wakichukulia kwamba ya kijijini imekwisha kushindwa. Haijashindwa mpaka uipime kwa vipimo vilevile.

Sababu ni wingi wa watu. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Tunduma na wakazi wasiofika 100,000. Sensa ya 2022 ikakuta zaidi ya 219,000. Ndani ya miaka kumi mji umeongezeka zaidi ya mara mbili, na vyumba vya madarasa haviongezeki kwa kasi ya vyumba vya kupangisha. Juu ya hapo, elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto ambao wangebaki nyumbani walikuja shuleni kote nchini. Ni jambo jema kabisa, ila mtoto wako atakaa katikati ya matokeo yake, na ni haki yako kujua atakaa na wenzake wangapi kwenye dawati moja.

Hesabu darasa la kwanza, usihesabu shule

Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa la shule ya msingi, na watoto 25 kwa darasa la awali. Shule nyingi za mijini hazifikii kiwango hicho, kwa hiyo usiende ukitafuta iliyotimia. Nenda ukitafuta iliyo karibu nacho kuliko nyingine.

Namna ya kujua ni rahisi. Nenda shuleni katikati ya wiki, asubuhi, baada ya gwaride kumalizika na vipindi kuanza. Pita kwanza kwa mwalimu wa zamu, salimia, jitambulishe kwamba ni mzazi unayetaka kuhamishia mtoto, uombe kuonana na mwalimu mkuu. Katika ofisi nyingi za walimu wakuu ukutani kuna karatasi kubwa za takwimu: idadi ya wanafunzi kwa kila darasa, wavulana na wasichana, ikama ya walimu, matundu ya vyoo, madawati, matokeo ya mitihani ya miaka iliyopita. Soma hizo karatasi huku mnaongea. Hutaonekana mpelelezi; zimebandikwa zisomwe.

Sasa angalia hapa kwa makini. Ukigawa wanafunzi wote kwa walimu wote unapata wastani unaokudanganya. Tuseme shule ina wanafunzi 1,400 na walimu 28. Hesabu inakupa mwalimu mmoja kwa watoto 50, na unarudi nyumbani umeridhika. Lakini ukiuliza kuhusu darasa la kwanza peke yake unaambiwa wako 260 katika mikondo miwili, yaani watoto 130 ndani ya chumba kimoja na mwalimu mmoja. Darasa la saba wako 110 wenye mikondo miwili na walimu wanaobadilishana kwa masomo. Shule ni moja, lakini mtoto wa darasa la kwanza na wa darasa la saba hawasomi katika hali moja hata kidogo.

Kwa hiyo maswali ya kumuuliza mwalimu mkuu ni haya, na uyaulize kuhusu darasa ambalo mwanao ataingia: Wako wangapi? Mikondo mingapi? Mwalimu wa darasa ni nani, na ana miaka mingapi akifundisha madarasa ya chini? Wanaingia asubuhi wote au kwa awamu mbili? Shule inayoingiza watoto kwa awamu mbili inajitahidi kupunguza msongamano, nami siilaumu, lakini jua kwamba muda wa mtoto kufundishwa unapungua, na kwamba mtoto wa awamu ya mchana atakaa nyumbani asubuhi nzima wakati wewe uko sokoni. Panga hilo mapema.

Kuhusu mwalimu wa darasa la kwanza na la pili nitasema wazi: huyo ndiye shule. Ipo desturi ya kuwapeleka walimu hodari darasa la saba kwa kuwa huko ndiko kuna mtihani, na kumwachia darasa la kwanza aliyechoka, anayekaribia kustaafu, au kijana wa kujitolea anayelipwa kwa michango. Shule ambayo mwalimu mkuu wake amempanga mwalimu mahiri kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, zile K tatu, inastahili alama nyingi kwenye karatasi yako hata kama paa lake limepauka. Ukimkuta mwalimu huyo Ikinga, akiwa na watoto 50 anaowajua kwa majina na kwao, fikiri mara mbili kabla ya kumwondoa mwanao mikononi mwake.

Halafu fanya jaribio lako mwenyewe. Watafiti wa Uwezo, ambao kwa miaka wamepita nyumba kwa nyumba wakipima watoto wa Tanzania, wanatumia kipimo cha kiwango cha darasa la pili: mtoto anasoma hadithi fupi ya Kiswahili na kufanya hesabu nyepesi. Na wewe unaweza. Katika mtaa uliohamia hawakosekani watoto wa majirani wanaosoma shule unazozitazama. Kwa ruhusa ya wazazi wao, chukua kitabu cha Kiswahili cha darasa la pili, uwaombe watoto watatu au wanne wa darasa la tatu wa shule moja wakusomee ukurasa. Wape na kutoa kwa kuchukua, 52 toa 27. Usichague yule anayesifiwa. Kama wote wanasoma bila kukwama, shule hiyo inafundisha. Kama wanataja silabi moja moja wakiwa darasa la tatu, matokeo mazuri ya darasa la saba ya shule hiyo yanatafuta maelezo.

Kusoma matokeo ya NECTA bila kupotoshwa

Baraza la Mitihani (NECTA) huweka matokeo yote kwenye tovuti yake. Fungua matokeo ya darasa la saba, chagua mwaka, mkoa wa Songwe, halmashauri, kisha shule. Kumbuka Ikinga iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Ileje, na shule za mjini ziko chini ya Halmashauri ya Mji Tunduma, kwa hiyo utafungua kurasa mbili. Kama huna simu ya intaneti, mtu wa stationari atakufungulia na kukuchapia kwa pesa kidogo.

Utaona wastani wa shule. Mtihani una masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Daraja A ni kuanzia 241, B kuanzia 181, C kuanzia 121, na mwenye C amefaulu. Angalia miaka mitatu mfululizo, kwani mwaka mmoja unaweza kuwa wa kundi zuri au baya. Tofauti ya alama tano au kumi kati ya shule mbili usiihangaikie. Tofauti ya alama 40 ina jambo.

Tangu Januari 2023 NECTA imeacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Bado wapo wanaopanga orodha zao na kuzisambaza kwenye simu; mimi nisingezitumia. Ukurasa wa shule yenyewe una mambo mawili yenye faida kuliko nafasi yoyote.

La kwanza ni wastani wa somo kwa somo. Nenda moja kwa moja kwenye Kiingereza na Hisabati. Shule za msingi za serikali karibu zote hufundisha kwa Kiswahili, na mtoto anapofika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Shule yenye wastani mzuri wa jumla uliobebwa na Kiswahili na Uraia, huku Kiingereza kikiwa chini kabisa, inampeleka mtoto sekondari akiwa hana cha kushikilia. Kwa mtoto wa Ikinga aliyekua na Kindali nyumbani, Kiswahili ni lugha ya pili na Kiingereza ni ya tatu, hivyo somo hili lipe uzito.

La pili ni idadi ya watahiniwa. NECTA hutoa pia matokeo ya upimaji wa darasa la nne. Mtoto aliyefanya upimaji huo mwaka 2021 alitakiwa afanye darasa la saba mwaka 2024. Fungua kurasa zote mbili za shule ileile ulinganishe. Tuseme darasa la nne walikuwa 180 na darasa la saba wamebaki 125. Watoto 55 wamekwenda wapi? Wengine walirudia darasa la nne, wengine wamehama kwa haki kabisa, pengine shule iligawanywa ikazaa nyingine. Lakini wengine wameacha, na katika mji wa mpakani ambako mtoto anaweza kupata pesa ya siku kwa kubeba mzigo au kuuza maji kwenye foleni ya malori, kuacha shule kuna njia nyingi. Muulize mwalimu mkuu. Anayejua jibu na kukueleza nini kinafanyika kuwarudisha ni mwalimu mkuu unayemtaka. Wastani unaweza kupanda kwa sababu walio dhaifu wamedondoka njiani, na ukurasa wa matokeo hauwezi kukuambia hilo mpaka uwahesabu.

Kingine kinachopaswa kukupunguzia presha: mtoto aliyefaulu hupangiwa sekondari ya serikali, na walio wengi huenda sekondari ya kata. Wanaokwenda shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Kilakala ni wachache mno katika kila halmashauri. Kwa hiyo mtoto wa shule yenye wastani wa 190 na wa shule yenye 160 wanaweza kukutana kwenye darasa moja la kidato cha kwanza. Atakayeendelea vizuri ni yule anayesoma na kuelewa.

Ziko familia zinazopaswa kutazama kalenda pia. Mtaala mpya ulianza mwaka 2024, na elimu ya msingi inapunguzwa kuwa miaka sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo wanamaliza darasa la sita mwaka 2027, sambamba na wenzao wa darasa la saba, na makundi yote mawili yanatarajiwa kuingia kidato cha kwanza Januari 2028. Kama mwanao yumo katika moja ya makundi hayo, angalia sekondari ya kata ya ulikohamia ina madarasa na walimu wa kutosha, maana msongamano wa mwaka huo hautakwepeka.

Njia ya kwenda shule

Hapa Ikinga na Tunduma haziko sawa hata kidogo. Kijijini mtoto anatembea mbali, anavuka mto wakati wa masika, anapanda mlima. Tunduma anatembea karibu, lakini huenda akavuka barabara ya TANZAM, njia kuu ya mizigo ya bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo. Malori yakisimama kwenye foleni, mtoto mfupi anapita katikati ya malori mawili na kutokea upande ambako bodaboda inapita kwa kasi. Dereva wa lori aliye juu hamwoni kabisa.

Kwa mtoto wa chini ya miaka tisa, shule inayomlazimu kuvuka barabara hiyo peke yake ikate kwenye karatasi yako, hata ikiwa ndiyo inayosifiwa mji mzima. Huu ni uamuzi wangu na sitaulegeza. Kumlipia bajaji kila siku asubuhi na mchana ni ada nyingine ambayo hujaihesabu, na siku pesa ikikosekana atatembea.

Itembee njia mwenyewe saa moja kasoro asubuhi, muda wanaokwenda watoto, ukipimia kwa hatua za mtoto. Ikiwezekana itembee siku ya mvua. Shule hufunguliwa Januari, na Januari yetu ni tope tupu. Njia inayopitika Agosti inaweza kuwa mfereji Februari.

Pesa, chakula na mengine

Ada hakuna, lakini usiende ukidhani hakuna gharama. Sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mtoto ni jukumu la mzazi. Waraka wa elimu wa mwaka 2016 ulilisema hilo. Serikali hupeleka ruzuku: kiwango kilichowekwa ni shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazofika shuleni, nyingine ni za vitabu. Shule ya watoto 1,000 basi inaendeshwa kwa shilingi 500,000 kwa mwezi: chaki, karatasi za mitihani, matengenezo, yote. Ukilielewa hilo hutashangaa shule kuwaomba wazazi mchango. Cha kutazama ni utaratibu. Mchango ulipitishwa kwenye mkutano wa wazazi? Una kibali cha halmashauri? Inapokea kamati ya shule na kutoa stakabadhi, au mwalimu anakusanya mkononi darasani? Mapato na matumizi yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo? Na mtoto ambaye mzazi wake hajalipa anafanywa nini? Shule inayomrudisha nyumbani mtoto kwa ajili ya mchango inakwenda kinyume na maagizo ya serikali, na inamfundisha kwamba masomo yake yanaweza kusimama.

Chakula kipe uzito unaostahili. Mtoto anayekunywa uji saa nne na kula makande mchana anasikiliza kipindi cha mwisho; aliyetoka na chai kavu hakisikii. Hapa vijiji vyetu vina nafuu, kwa sababu mzazi wa Ikinga anatoa debe la mahindi na maharage kutoka ghalani, na wa Tunduma anatakiwa atoe pesa taslimu. Uliza wanaokula ni wangapi kati ya waliopo. Jibu la "chakula kipo" halitoshi, kwani kinaweza kuwepo kwa nusu ya watoto huku nusu wakitazama.

Vyoo: kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Vitazame kwa macho, na uangalie kama kuna maji ya kunawa. Kwa binti wa darasa la tano na kuendelea uliza kama kipo chumba cha kujisitiri. Kukosekana kwake peke yake kunaweza kumpotezea siku kadhaa za masomo kila mwezi.

Viboko: kanuni zinaruhusu visizidi vinne, kwa kosa kubwa, vichapwe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Binti achapwe na mwalimu wa kike. Ukiona kila mwalimu anatembea na fimbo yake darasani, umeona shule isiyofuata kanuni. Mimi ningeiweka chini kabisa kwenye orodha.

Kuhama kwenyewe

Uhamisho wa mwanafunzi hupita kwenye mfumo wa PReM, ambamo kila mtoto ana namba yake. Anza na mwalimu mkuu wa Ikinga, uchukue namba hiyo na taarifa za maendeleo ya mtoto, kisha uhakikishe shule ya Tunduma ina nafasi na iko tayari kumpokea. Kwa kuwa unavuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, wahusishe maafisa elimu mapema. Chukua na cheti cha kuzaliwa. Usimhamishe mtoto kimyakimya ukitumaini mambo yatarekebishwa baadaye: mtoto asiyeonekana kwenye mfumo wa shule mpya anakuja kupata shida ya kusajiliwa kwa mitihani.

Wakati mzuri ni Desemba, ili Januari aanze pamoja na wenzake. Wa darasa la kwanza hadi la tatu, na la tano, wanahama kwa urahisi zaidi. Watahiniwa wa darasa la nne na wa mwaka wa mwisho husajiliwa mwanzoni mwa mwaka, na baada ya hapo kuwahamisha ni kutafuta tabu.

Ukimaliza kujaza karatasi yako, huenda shule ya Ikinga ikaibuka ya pili, au hata ya kwanza, hasa kwa mtoto mdogo. Ikiwa hivyo, usione haya kumwacha na bibi mpaka amalize darasa la pili akiwa anasoma vizuri, wewe ukipanda Jumamosi kumwona. Ikiwa ya mjini imeshinda, mlete mapema, na mkutano wa kwanza wa wazazi usikupite, maana kwenye mikutano hiyo ndiko wazazi huchagua wajumbe wao wa kamati ya shule, na mgeni naye ana kura. Na kama mwanao ameshasajiliwa kwa mtihani wa kumaliza shule huko Ikinga, mwache amalizie hukohuko.